Ile Kernel Niliyoifuta kwa Mkono

Maitu, binti yangu,

Saa hii wewe uko nyumbani Ngoingwa unapanga sanduku, nami niko dukani nikijifanya nina kazi ya kumaliza. Kazi hakuna. Mvua imefukuza wateja tangu saa nane, na mtu pekee aliyeingia alitaka kujikinga tu. Nimekaa mbele ya mashine ya kona, kompyuta ile uliyoifufua, nakuandikia barua nitakayoichapa na kuificha chini ya sweta zako kabla hujafunga zipu. Ukiipata mapema utaanza kunijibu, nami leo sina nguvu za kujibiwa. Nitakutumia ujumbe uisome ukishapita Nakuru.

Sitakuandikia habari ya baridi ya huko, wala ya kula kwa wakati, wala ya kufunga mlango. Umeishi Ruiru mwaka mzima, ukitunza kompyuta za watu wa ofisi pale Membley na kujipikia kwenye chumba chako cha kupanga, na hukufa njaa. Hayo unayajua. Nataka kukuandikia juu ya hizi wiki tatu ambazo sijasema nawe vizuri. Ili nifike huko, inabidi nianzie siku niliyoiharibu hii mashine, kwa sababu mambo haya mawili kichwani mwangu yameshikana na nimeshindwa kuyatenganisha.

Unakumbuka uliponiwekea mfumo wa Linux kwenye mashine zote nne, ukasema zimezeeka na haziwezi kubeba kitu kizito zaidi. Ulinieleza siku hiyo hiyo, na nilielewa, ingawa ulidhani nasinzia. Kernel ni ile sehemu ya mfumo inayoamka kwanza, inayoiambia mashine iliyobaki kwamba hapa kuna kibodi, hapa kuna diski, pale kuna printa. Kila baada ya muda inaletwa mpya. Ya zamani haiondoki. Inabaki, na nyingine inabaki juu yake, zote zikisongamana kwenye kisehemu kidogo cha diski kilichotengwa kwa kuwashia tu. Kisehemu hicho hujaa hata kama diski yenyewe ina nafasi tele, na kikijaa, mashine huanza kulalamika kwamba nafasi imeisha na haiwezi kupokea jipya lolote.

Ilipoanza kulalamika, dawa ilikuwa kukupigia simu. Sikukupigia. Nilifundisha darasa la nane miaka kumi na minane, na nilijiambia kwamba mtu aliyewahi kupanga faili za shule nzima hashindwi kutoa takataka kwenye kabati. Nikafungua lile dirisha jeusi la amri, nikaziorodhesha. Zilikuwa saba, kila moja na namba yake ndefu. Nikafikiri kama karani: mpya kabisa ibaki, za zamani zote zitoke. Nikaandika amri ya kufuta, faili moja baada ya nyingine, kwa mkono. Nafasi ikarudi. Malalamiko yakakoma.

Na mashine ikaendelea kufanya kazi. Hapo ndipo nataka ukae nami kidogo. Ilichapa vyeti, ilitoa nakala, ilifungua barua za watu, mpaka jioni. Siizimi jioni, unajua, kwa vile huchukua muda mrefu kuamka. Nilifunga duka nikijiona fundi. Kesho yake asubuhi stima ilipotea dakika tano, ikarudi. Mashine nyingine tatu ziliamka. Hii ilijaza kioo maandishi meupe, ikasimama.

Wakati huo huo akaingia Mama Wairimu, yule anayeuza mboga Kiandutu, kuchukua programu za mazishi ya kaka yake. Mazishi yalikuwa kesho yake. Nilikuwa nimezipanga zote, picha na nyimbo na majina ya wajukuu, na zilikuwa ndani ya hii mashine, hazijachapwa hata moja.

"Programu ziko wapi, Mwalimu?"

"Mashine imekataa kuamka."

"Imekataa kuamka." Akakaa kwenye kiti cha wateja, akaweka kikapu katikati ya miguu. "Kaka yangu hajaamka, mashine yako haijaamka. Sasa mimi nizike nani kwanza?"

Ndipo nikakupigia. Ulifika kutoka Ruiru kabla ya saa nne, na flashi mfukoni, bila hata chai. Hukunisuta. Ungenisuta ingekuwa nafuu. Uliingiza flashi, ukaiwasha mashine kupitia hiyo, ukaangalia ndani.

"Baba, kabla ya kufuta, uliiuliza inatumia gani?"

"Niliangalia ni gani mpya."

"Sikuuliza hivyo."

"Mjibu mtoto, Mwalimu," Mama Wairimu akasema.

Nikajibu kwamba sikuiuliza. Ukanigeuzia kioo, ukanionyesha kwa kidole. Ile mpya niliyoibakiza haikuwa imekamilika. Ilipokuwa inaingia, nafasi iliisha ikiwa nusu. "Hii haijawahi kuwaka hata siku moja," ulisema. "Na ile uliyoifuta ndiyo ilikuwa imekubeba."

"Lakini jana ilifanya kazi siku nzima."

"Ilikuwa imeshapanda kichwani mwa mashine. Ungeweza kwenda nayo hivyo hata mwezi. Shida ni siku ya kuzima na kuwasha."

Nimeifikiria sentensi hiyo kila siku tangu uiseme. Wewe ulikuwa unasema habari za kompyuta tu, najua. Sikushtaki kwa lolote.

Ulirudisha kernel kadhaa nilizofuta, programu zikachapwa, na Mama Wairimu akazipanga kikapuni juu ya sukuma wiki kama mtu anayelaza mtoto. Akiwa mlangoni akageuka. "Huyu asiolewe mbali, Mwalimu. Utafunga duka." Tukacheka wote watatu, na nikaona kwamba wewe ulicheka kidogo kuliko sisi.

Baada ya hapo ulichukua kifuniko cha katoni ya karatasi, ukaniandikia kwa kalamu nene maneno ambayo hadi sasa yamebandikwa hapa ukutani mbele yangu. Uliza kwanza unatumia gani. Hiyo usiiguse. Bakiza na moja ya kabla yake. Zilizobaki mfumo uziondoe wenyewe, si wewe kwa mkono.

"Kwa nini nibakize ya zamani?" nikauliza. "Si ndiyo inajaza nafasi?"

"Moja haijazi. Mpya ikikataa, uwe na pa kurudi."

Ukaanza kukunja waya, polepole, zaidi ya ule waya ulivyohitaji. Kisha ukasema umepata kazi ya kutunza kompyuta za chuo kimoja, na kwamba chuo hicho kiko Eldoret.

Nikasema, "Huko hatuna mtu."

Ukasema, "Tulikuwa naye."

Nikarudia kwamba hatuna mtu, nikaenda kufunga dirisha ambalo lilikuwa limefungwa tayari. Ulirudi nyumbani kusubiri safari, na huo ndio mwisho wa mazungumzo yetu mpaka leo, ukiondoa chumvi iko wapi na nani amechukua ufunguo.

Sasa nikueleze ninachokijua na wewe hukijui, au unakijua nusu.

Unajua tulitoka kule Eldoret ukiwa na miaka minne. Unajua nyumba ilichomwa kwenye vurugu za baada ya uchaguzi. Unajua kwamba Baba Chebet, jirani yetu wa ng'ambo ya kijito, alitulaza nyuma ya jiko lake siku mbili, na alfajiri ya tatu akatutembeza mahindini hadi kituo cha polisi, wewe ukiwa mgongoni kwake kwa sababu mimi nilibeba mifuko. Haya mama yako alikusimulia mimi nikiwa nimetoka nje, nilikuwa nasikia. Siku ile nilikuwa nimeokoa redio, ile kubwa ya mbao, na nilitaka kuja nayo. Baba Chebet aliichukua mikononi mwangu, akasema, "Hii itakuchelewesha. Nitakuwekea."

Alipiga simu wiki ya kwanza tulipofika Kiandutu. Alipiga kila mwezi. Mwanzoni nilipokea na kujibu kwa neno moja moja, baadaye niliiacha iite mpaka ikachoka. Sikuwa na chuki naye. Nilikuwa nimechoka, na mtu aliyechoka hapendi kuchambua. Upande ule wa nchi ulikuwa na waliotuchomea na ulikuwa na aliyetuficha, na kuwatenganisha kulihitaji kazi ambayo sikuwa na nguvu za kuifanya. Ilikuwa rahisi zaidi kufuta wote. Nikauza shamba kwa mtu nisiyemjua bila kwenda kuliaga. Nikachana picha. Nikamkataza mama yako kutaja majina ya huko mezani.

Na nilikuzaba kofi. Sijui kama unakumbuka. Kiandutu tulikuwa tunapanga foleni ya maji, na wewe ulipenda kuhesabu mitungi kwa sauti. Ulihesabu ulivyofundishwa na Chebet, mkicheza: agenge, aeng', somok, yaani moja, mbili, tatu kwa Kikalenjin. Watu waligeuka kutuangalia. Labda waligeuka tu kwa kuwa ulikuwa mtoto mdogo mwenye sauti kubwa, sasa nadhani hivyo. Siku ile niliona macho tu. Nilikuzaba mkononi, nikasema tunahesabu kama watu wa hapa. Hukulia. Uliacha tu kuhesabu kwa sauti, si kwa lugha yao, si kwa Kikuyu, si kwa Kiswahili. Mwalimu wako wa darasa la kwanza aliniita shuleni akaniambia mtoto anajua hesabu lakini hataki kusema jibu. Nilimwambia ni haya za watoto.

Nimesoma vitabu vingi vya watu waliohamishwa makwao. Wengi huandika vizuri sana juu ya walichonyang'anywa. Juu ya walichokitupa wenyewe huandika kidogo, na sasa naelewa sababu. Na mimi nilijiona niko sawa. Tulitoka Kiandutu tukahamia Ngoingwa, nikafungua duka, ukaenda shule, kila asubuhi niliamka na kunyoa ndevu. Miaka hiyo yote ungeniuliza ningekuambia maisha yanaendelea, na yalikuwa yanaendelea.

Kisha mama yako akaugua. Wiki ile ya mwisho wewe ulikuwa kwenye mitihani na mimi ndiye niliyekaa naye mchana. Siku moja, akiwa na akili zake zote, aliniambia, "Nataka kuongea na Mama Chebet. Nipigie."

Nikamwambia namba ilipotea.

Akaniangalia. Hakubishana, hakuwa na pumzi ya kubishana. Akasema, "Basi," akageukia ukuta. Aliniuliza tena siku ya pili, nikajibu vile vile. Siku ya tatu hakuuliza.

Namba haikupotea, Nyambura. Niliifuta kwenye simu, ndiyo, na niliichana kwenye daftari, lakini kichwani haikutoka. Mimi ni mtu wa kukariri. Niliijua siku ile nikiwa nimemshika mkono na naijua sasa. Niliogopa tu kwamba simu ikipokelewa nitatakiwa kusema kitu, na sikuwa na kitu kilichokuwa tayari. Kwa hiyo mama yako alikufa akidhani hakuna njia ya kufika kule, na njia ilikuwa tarakimu kumi.

Sijamwambia mtu yeyote hili mpaka leo. Uliposema "Tulikuwa naye", sikukasirika kwa sababu unakwenda huko. Nilijua tu kwamba ukifika utamtafuta Baba Chebet, utampata, na yeye atakuuliza kwa nini hatukupiga. Nikaona ni afadhali usiende. Huo ndio ukweli wa wiki tatu. Nilikuwa tayari kuzuia kazi yako ili jambo langu lisijulikane.

Leo mchana, mvua ilipoanza, mashine ya kona ililalamika tena kwamba nafasi inakaribia kuisha. Nikasimama, nikasoma kile kifuniko cha katoni kana kwamba sijawahi kukisoma. Nikaiuliza mashine inatumia gani. Ikaniambia. Nikaiandika namba hiyo kwenye karatasi, na ya kabla yake chini yake. Kisha nikatoa ile amri uliyonifundisha, mfumo ukaziondoa tatu za nyuma wenyewe, moja moja, ukizitaja kwa majina kadiri zilivyotoka. Hizo mbili zikabaki. Nafasi ikawa tele.

Halafu nikafanya kitu ambacho kawaida sikifanyi. Niliizima kwa makusudi, nikaiwasha. Nilikaa na mikono mezani. Ilichukua muda, wajua ilivyo. Iliamka.

Nikachukua simu nikapiga zile tarakimu kumi.

Ilipokelewa na mwanamke. Nikauliza kama hii bado ni namba ya Baba Chebet. Akasema, "Mimi ni Chebet. Nani mwenzangu?"

"Mwalimu. Tulikuwa jirani, ng'ambo ya kijito."

Akaiweka simu kando. Kisha nikamsikia akiita kwa lugha yao, mbali na simu, na sauti ya mzee ikaja juu, ya mtu ambaye masikio yameanza kumwacha.

"Mwalimu gani?"

"Wa ng'ambo."

"Yule aliyekuwa anaogopa ng'ombe?"

"Ndiye."

"Umechelewa kupiga."

"Nimechelewa."

"Mama Nyambura hajambo?"

Nikamwambia amefariki. Akasema pole, akasema tena pole kwa sauti ya chini, kisha akasema, "Subiri," na simu ikaenda kwa mtu mwingine. Alikuwa Mama Chebet. Hakunisalimia. Nilisikia kuku, nikasikia sufuria ikiwekwa chini.

"Aliniulizia?" akasema.

"Alikuulizia."

"Ulimwambiaje?"

Nikamwambia nilivyomwambia. Sikuongeza neno wala sikupunguza. Akarudisha simu kwa mzee bila kuniaga.

Ana haki. Utakapomwona, maitu, usimwombee msamaha kwa ajili yangu. Utashawishika, wewe ni mtu wa kutengeneza vitu. Hiki usikiguse. Mwache amwage machungu yake kama yapo, umsikilize, na akitaka kujua habari za mama yako umpe zote, hata zile ndogo, alivyokuwa anacheka akimenya viazi. Mimi nitakuja mwenyewe. Sijui ni lini. Miguu si tatizo, tatizo ni kwingine. Lakini nimemwambia mzee nitakuja, na nimeandika hapa ili unishike.

Nilipomwambia Baba Chebet umepata kazi huko, aliuliza mtoto anakuja lini. Nikasema kesho. Hakuuliza ni kwa nini nimekumbuka namba leo. Akasema tu Chebet atakuwa steji ya mabasi kuanzia saa tisa, na kwamba asipokutambua atahesabu kwa sauti mpaka mtu mmoja ajibu. Alicheka alipolisema hilo. Kumbe wao wanakumbuka vile mlivyokuwa mkihesabu. Chebet akianza, mjibu. Jibu kwa sauti, hata kama steji nzima itageuka.

Chumba chako nitakiacha kilivyo, kitanda na rafu na lile pazia baya. Si kwa sababu nadhani utashindwa. Wewe mwenyewe ulinipa sababu ya kubakiza ya zamani, na agizo lenyewe lipo hapa ukutani.

Unajua kwa nini nakuita maitu, yaani mama yangu. Una jina la mama yangu, na kwetu mtoto akichukua jina la mtu huitwa kama mtu huyo alivyoitwa. Mama yangu alikuwa mtu wa kurudi alikotoka, kila baada ya mavuno, kusalimia. Mimi sikumfuata. Sasa naona jina lake ndilo linalokwenda.

Mvua imepungua, na nitafunga nije nyumbani. Nikifika nitakuuliza kama kuna chai, na wewe utadhani bado nimenuna. Acha udhani hivyo kwa usiku mmoja.

Jambo moja tu nakuomba. Kabla hajakata simu, Baba Chebet alisema redio yangu iko, juu ya kabati, imefunikwa kitambaa. Alisema betri alizitoa mwaka ule ule zisije zikavuja ndani zikaiharibu. Miaka yote hii. Ukishuka steji, nunua betri nne kubwa. Ziweke, uiwashe, kisha nipigie na uisogeze simu karibu. Usiseme kitu kwanza. Nataka kusikia kama inaamka.

Baba yako